Kipimo cha t, anova au Kruskal-Wallis? Namna ya kuchagua unapolinganisha wastani wa makundi

Mikorosho ya Mtwara na Lindi hutoa maua kati ya Juni na Septemba, na majira hayohayo ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, hushambulia vichala. Wanafunzi wa kilimo na maafisa ugani wanaofanya utafiti huku kusini hurudi kwenye swali lilelile kila mwaka: kati ya njia tatu au nne za kukinga maua, ipi inaleta korosho nyingi zaidi? Mavuno yakishapimwa linakuja swali la pili, ambalo ndilo ninaloliandikia hapa: wastani wa makundi hayo ulinganishwe kwa kipimo gani?

Msimamo wangu nauweka mbele ili usisubiri. Makundi mawili, tumia kipimo cha t. Makundi matatu au zaidi, tumia anova, yaani uchanganuzi wa variansi (kipimo cha namna namba zinavyotawanyika), wala usirundike vipimo vya t. Kama makundi hayalingani kwa idadi na yametawanyika kwa viwango tofauti, chukua anova ya Welch. Kama ulichopima ni madaraja au alama, si kilo, nenda kwa Kruskal-Wallis. Hata hivyo, kinachobadilisha jibu kuliko vyote hivyo ni swali uliloamua kuuliza kabla ya kuvuna, pamoja na namna ulivyoigawa miti. Ndiyo maana sehemu ya katikati ya makala haya ni ndefu kuliko nyingine.

Namba za mfano

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Namba hizi nimezitunga za kufundishia, si matokeo ya shamba la mtu yeyote, na nimezifanya nyepesi ili uweze kuzikokotoa kwa kalamu. Mikorosho 18 ya umri mmoja imegawanywa kwa kura katika makundi matatu, kila kundi miti sita. La kwanza limepigwa salfa ya unga, la pili limepuliziwa dawa ya maji, la tatu limeachwa bila dawa. Kilo za korosho ghafi kwa kila mti ni hizi:

Salfa ya unga: 8, 9, 10, 10, 11, 12 (wastani 10)
Dawa ya maji: 10, 11, 12, 12, 13, 14 (wastani 12)
Bila dawa: 6, 7, 8, 8, 9, 10 (wastani 8)

Ndani ya kila kundi, toa wastani kwenye kila namba, zidisha tofauti kwa yenyewe, kisha jumlisha: utapata 10. Gawa kwa 5 (miti sita ukitoa mmoja), variansi ni 2. Makundi yote matatu yana variansi moja, jambo ambalo shambani halitokei, na nitalirudia huko mbele.

Vipimo vitatu vya t, au anova moja?

Njia inayomjia mtu haraka ni kulinganisha jozi mojamoja: salfa na bila dawa, maji na bila dawa, maji na salfa. Chukua jozi ya salfa na bila dawa. Tofauti ya wastani ni kilo 2, t (tofauti hiyo ikigawanywa kwa kiasi ambacho ingeyumba kwa bahati tu) inatoka 2.45 kwa digrii 10 za uhuru (miti 12 ukitoa makundi mawili), na kizingiti cha kiwango cha 0.05 ni 2.23. Imevuka. Thamani ya p, yaani nafasi ya kupata tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi kama dawa hazitofautiani, ni karibu 0.034. Jozi ya maji na salfa nayo ina tofauti ya kilo 2, kwa hiyo jibu ni lilelile. Jozi ya maji na bila dawa, yenye tofauti ya kilo 4, inavuka kwa mbali. Mwanafunzi anaandika kwamba njia zote tatu zinatofautiana, anafunga daftari.

Tatizo liko kwenye idadi ya nafasi alizojipa. Kiwango cha 0.05 maana yake ni kwamba hata kama dawa hazina tofauti yoyote, kipimo kimoja kina nafasi 5 katika 100 ya kukuonyesha tofauti isiyokuwepo. Ukifanya vipimo vitatu vilivyo huru, nafasi ya kudanganywa walau mara moja inapanda hadi 14 katika 100. Makundi manne yana jozi sita, na nafasi hiyo inafika karibu 26. Makundi matano yana jozi kumi, inafika 40. Jozi za jaribio moja haziko huru kabisa kwa sababu zinashirikiana makundi, hivyo hesabu halisi hushuka kidogo, lakini mwelekeo ni huo. Mtu anayejaribu aina tano za mbegu za ufuta kule Ruangwa na kupima jozi zote kumi kwa t ana hatari kubwa ya kumpelekea mkulima mbegu iliyopanda juu kwa bahati tu.

Anova inauliza swali moja badala ya matatu: je, tofauti kati ya makundi ni kubwa kupita ile ambayo ungeitarajia kutokana na miti kutofautiana yenyewe kwa yenyewe? Wastani wa jumla ni 10. Kundi la maji liko juu yake kwa 2, kundi lisilo na dawa liko chini yake kwa 2, na salfa imekaa palepale. Miraba ya tofauti hizo (4, 4 na 0) ikizidishwa kwa miti sita inatoa 48. Gawa kwa digrii 2 za uhuru (makundi matatu ukitoa moja), unapata 24. Hiyo ndiyo tofauti kati ya makundi. Ndani ya makundi jumla ni 10 mara tatu, yaani 30, ukigawa kwa digrii 15 (miti 18 ukitoa makundi matatu) unapata 2. Gawa 24 kwa 2: F ni 12. Kizingiti chake kwa digrii 2 na 15 ni 3.68, na thamani ya p ni karibu 0.0008.

Kumsikia mtu anayekuita sokoni kunategemea ukali wa sauti yake na ukubwa wa makelele yaliyomzunguka. F ni uwiano wa namna hiyo, juu kuna tofauti za dawa, chini kuna makelele ya miti. Ndiyo sababu jaribio lenye miti iliyochanganyika, mingine mizee na mingine michanga ya kubebeshwa, hushindwa kuona tofauti hata pale ambapo dawa imefanya kazi.

Anova ina faida nyingine ambayo haitajwi mara kwa mara darasani. Inakadiria makelele kwa kutumia makundi yote matatu pamoja, ndiyo maana ina digrii 15 wakati kila kipimo cha t kina 10 tu. Na kama una makundi mawili pekee, usihangaike kuchagua, kwa sababu anova ya kawaida na t ya kawaida ni kitu kimoja: F ni mraba wa t. Kwa jozi yetu ya salfa na bila dawa, 2.45 mara 2.45 ni 6, na F ya makundi hayo mawili ni 6 kamili.

Vipimo hivi viwili vyote vilitokana na watu wa mazao. William Sealy Gosset alikitoa kipimo cha t mwaka 1908 akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, kwa jina la bandia la Student. Ronald Fisher alianza kazi mwaka 1919 katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ambako majaribio ya mbolea yalikuwa yakiendelea tangu 1843, na mwaka 1923 yeye na Winifred Mackenzie walichapisha uchanganuzi wa variansi wa aina za viazi na mbolea. Herufi F aliiweka Mmarekani George Snedecor kwa heshima ya Fisher. Mwanafunzi wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwara, anayepanga bloku na ploti (vipande vya shamba vinavyolinganishwa) za mikorosho anaitumia hesabu hii katika mazingira yaliyoizaa.

F imevuka, sasa jozi ipi?

Anova inakuambia kwamba mahali fulani kuna tofauti, haikuambii wapi. Hapa ndipo uchaguzi wa kweli ulipo, na hapa ndipo naona kazi nyingi zikiharibika. Kuna njia tatu za kuziangalia jozi bila kupoteza kinga dhidi ya kosa: Tukey, Bonferroni na Dunnett.

Tukey inalinda jozi zote kwa pamoja. Kwa namba zetu, tofauti kati ya wastani wowote na mwingine inatakiwa ifike kilo 2.12 ndipo ihesabiwe. Bonferroni inakigawa kiwango cha 0.05 kwa idadi ya jozi. Kwa jozi tatu kizingiti kinapanda hadi karibu 2.20. Dunnett, iliyotoka mwaka 1955, inalinganisha kila kundi na kundi moja tu la kulinganishia, basi. Kwetu kundi hilo ni miti isiyo na dawa. Kwa kuwa inalinda maswali mawili badala ya matatu, kizingiti chake ni chepesi zaidi, karibu 1.99.

Yaweke matokeo sambamba uone:

| Jozi | Tofauti (kilo) | t tatu tofauti | Tukey | Bonferroni | Dunnett |
|---|---|---|---|---|---|
| Maji na bila dawa | 4 | ipo | ipo | ipo | ipo |
| Salfa na bila dawa | 2 | ipo | haijathibitika | haijathibitika | ipo, kwa tabu |
| Maji na salfa | 2 | ipo | haijathibitika | haijathibitika | haiulizwi |

Tazama mstari wa salfa na bila dawa. Miti ni ileile na kilo ni zilezile, lakini hukumu zinapishana. Hesabu haijakosea popote. Kila njia imejibu swali lake. Aliyekwenda shambani kujua kama kila dawa inaipita hali ya kutopiga dawa kabisa, na akaliandika swali hilo kabla, ana haki ya Dunnett, na anaweza kusema salfa imesaidia. Aliyetaka kuzipanga njia zote tatu kwa ubora ana Tukey, na salfa yake imebaki katikati, haijatengana na iliyo juu wala iliyo chini. Aliyeendesha zote nne kwenye kompyuta kisha akachukua ile iliyomfurahisha hana haki na yoyote kati yake, kwa sababu kinga ya 0.05 imevunjika alipochagua baada ya kuona.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwanafunzi wa diploma au shahada ya kwanza ni huu: andika kwenye pendekezo la utafiti, kabla ya kupuliza dawa, kama unataka jozi zote au unataka ulinganisho na kundi moja. Ukitaka jozi zote, Tukey inatosha. Bonferroni iweke akiba kwa pale ambapo una maswali machache uliyoyapanga na ambayo hayaingii kwenye Tukey wala Dunnett. Na hata hapo marekebisho ya Holm ya mwaka 1979 ni bora, kwa sababu yana kinga ileile bila kuwa na ukali uliozidi.

Majedwali ya utafiti wa mazao huonyesha matokeo ya jozi kwa herufi. Kwa Tukey yetu ungeandika: dawa ya maji 12 a, salfa 10 ab, bila dawa 8 b. Makundi yanayoshiriki herufi hayajathibitika kutofautiana. Salfa ina herufi mbili kwa kuwa imeshikamana na pande zote. Wengi huisoma "ab" kama "salfa ni sawa na kutopiga dawa", na hapo wanamkosea mkulima. Muda wa uhakika wa Tukey, yaani masafa ambamo tofauti ya kweli inaweza kuwa, kwa salfa ukitoa bila dawa unaanzia -0.12 hadi 4.12. Ndani yake mna sifuri, kweli, lakini mna kilo nne pia. Jaribio halijaonyesha usawa wowote. Limeonyesha kwamba miti sita kwa kundi haikutosha kuamua.

Anova ya kawaida au ya Welch?

Nilizipanga namba zangu zilingane kwa variansi na kwa idadi. Katika hali hiyo anova ya kawaida haina neno. Hata variansi zikipishana kiasi, makundi yakiwa na idadi sawa, F huvumilia.

Shida huanza makundi yanapokuwa na idadi tofauti, na huku kwetu hilo hutokea kwa sababu ya kibinadamu kabisa. Hakuna mkulima wa Tandahimba au Newala atakayekubali kirahisi theluthi ya shamba lake iachwe bila dawa wakati ubwiriunga unaonekana kwa macho. Atakupa miti mitatu ya pembeni, basi. Miti hiyohiyo isiyopigwa dawa ndiyo inayotarajiwa kutawanyika zaidi, kwani mmoja unaweza kuungua maua yote na mwingine kuponea. Kundi dogo lenye variansi kubwa ndilo mpangilio ambao unaifanya anova ya kawaida ione tofauti zisizokuwepo mara nyingi kuliko 5 katika 100. Ikiwa kinyume, kundi kubwa ndilo lenye variansi kubwa, inakuwa nzito kuona hata zilizopo.

Anova ya Welch, ya mwaka 1951, haichanganyi variansi za makundi. Kila kundi linapewa uzito kulingana na idadi yake na mtawanyiko wake. Gharama yake ni ndogo: variansi zikiwa sawa kweli, unapoteza nguvu kidogo tu. Kwa hiyo kwa data za vijijini ambazo idadi za makundi hazilingani, mimi huanza na Welch bila kusubiri sababu nyingine. Baada yake tumia Games-Howell kwa jozi, usirudi kwa Tukey, kwa kuwa Tukey inategemea variansi moja.

Kuna desturi ya kupima kwanza usawa wa variansi kwa kipimo cha Levene, kikipita unatumia anova ya kawaida, kisipopita unahamia Welch. Siipendi. Kwenye makundi ya miti mitano au sita Levene haina nguvu ya kugundua tofauti kubwa, kwa hiyo inatoa ruhusa pale ambapo haipaswi. Chora nukta za kila kundi kwenye karatasi uangalie mwenyewe. Mkengeuko sanifu (kipeuo cha pili cha variansi) wa kundi moja ukiwa zaidi ya mara mbili ya mwingine, huhitaji kipimo kukuambia.

Kruskal-Wallis inafaa lini?

William Kruskal na Allen Wallis walitoa kipimo hiki mwaka 1952. Kinazisahau kilo na kubaki na nafasi: namba zote 18 zinapangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, zinapewa nafasi ya 1 hadi 18, zinazofungana zinagawana. Kwa mfano wetu jumla ya nafasi ni 27 kwa bila dawa, 57 kwa salfa na 87 kwa maji. Kipimo kinatoka karibu 10.7, na thamani ya p karibu 0.005. Hitimisho ni lile la anova, ingawa ushahidi umepungua makali kidogo.

Kinang'ara pale ambapo kilo hazipo kabisa. Ukipita kwenye vichala vya maua ukatoa alama za ukali wa ugonjwa, sifuri kwa kichala kisafi na namba kubwa kwa kilichoungua, hakuna anayejua kama hatua ya kutoka 1 hadi 2 ni sawa na ile ya kutoka 4 hadi 5. Wastani wa alama kama hizo hauna mguu wa kusimamia. Madaraja ya ubora wa korosho yanayopangwa ghalani ni hivyohivyo. Hapo Kruskal-Wallis ndiyo ya kwanza, na kipimo cha Dunn kinafuata kwa jozi.

Wengi hata hivyo hukikimbilia kwa sababu mbili zisizo sahihi. Ya kwanza ni kudhani kinatibu variansi zisizolingana. Hakitibu. Makundi yakiwa na maumbo tofauti, kinachojibiwa si wastani wala namba ya katikati, ni kama kundi moja lina mwelekeo wa kutoa namba kubwa kuliko jingine. Kama unataka wastani na variansi zinapishana, jibu ni Welch.

Ya pili ni hofu ya mtawanyiko wa kawaida. Mtu anazichukua namba zote 18, anazipima kwa pamoja, anaona hazina umbo la kengele, anaikataa anova. Lakini anova haitaki namba zote kwa pamoja ziwe na umbo hilo. Dawa zikifanya kazi, makundi yatajitenga na picha ya jumla itakuwa na vilima viwili au vitatu. Kinachotakiwa ni masalia, yaani kila namba ikitolewa wastani wa kundi lake. Na data zikiwa za kawaida kweli, Kruskal-Wallis kwenye sampuli kubwa ina ufanisi wa asilimia 95.5 wa anova, kwa hiyo hasara ya kuitumia ni ndogo. Hasara kubwa iko kwenye sampuli ndogo mno. Ukiwa na makundi matatu ya miti miwili miwili, thamani ndogo kabisa ya p inayowezekana ni 6 kati ya 90, karibu 0.067. Hata dawa ifanye muujiza, kiwango cha 0.05 hakifikiki.

Kuhusu mti mmoja wenye kilo 45 katikati ya miti ya kilo 10, fungua daftari la shambani kwanza. Mara nyingi ni 4.5 iliyopoteza nukta.

Njia moja, au bloku?

Sehemu hii naiona nzito kuliko uchaguzi wa programu, kuliko Tukey na kuliko Welch.

Mashamba ya uwanda wa Makonde hayafanani kutoka kona hadi kona. Upande mmoja udongo ni mchanga mtupu, mwingine umeshika unyevu, miti ya mpakani inapata jua na upepo zaidi. Ukigawa dawa kwa kura shamba zima, tofauti hizo zote zinaingia kwenye makelele na F inashuka. Ukiligawa shamba katika bloku sita zinazofanana ndani yake, kila bloku ikapata miti mitatu na kila mti dawa yake kwa kura, anova ya pande mbili itazitoa tofauti za bloku pembeni kabla ya kuhukumu dawa. Unalipa digrii 5 za uhuru, zinabaki 10 badala ya 15. Shamba likiwa na tofauti kubwa, malipo hayo yanarudi na faida. Shamba likiwa sawasawa, umepoteza kidogo. Kwa mikorosho ya wakulima mimi ningechagua bloku kila mara. Mkulima mmoja anaweza kuwa bloku moja, ilimradi shambani kwake ziwepo dawa zote.

Kinachoua utafiti ni kinyume chake: mkulima wa kwanza anapewa salfa, wa pili dawa ya maji, wa tatu haguswi, kisha kwa kila mmoja inapimwa miti sita. Jedwali linafanana kabisa na la kwetu, na kompyuta itatoa F bila kulalamika. Lakini tofauti ya dawa na tofauti ya shamba zimefungwa fundo moja. Huna miti sita kwa dawa, una shamba moja kwa dawa, na hakuna kipimo kati ya hivi vyote kitakacholifungua fundo hilo. Ni hivyohivyo kwa anayepima uzito wa korosho 30 kutoka mti mmoja na kuziingiza kama sampuli 30. Chukua wastani wa korosho hizo, uingize namba moja kwa mti huo.

Salfa ya unga ina tatizo lake la pekee. Hupigwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia, ili unga ushike. Hata hivyo unasafiri. Mti wa "bila dawa" uliosimama karibu na uliopigwa unapata sehemu yake, na tofauti inapungua kwa sababu isiyo ya kitakwimu. Acha mistari ya miti ya kukinga kati ya ploti, isiyopimwa. Ikibidi tumia ploti nzima badala ya mti mmoja, na hapo ploti ndiyo inayohesabiwa kuwa moja.

Kusini kuna kumbukumbu ya kilimo kilichokimbilia eneo kubwa kabla ya majaribio. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947, ambao Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo yake na uliosababisha kujengwa kwa bandari ya Mtwara, uliachwa mwaka 1951. Mapori yalifyekwa kabla udongo na mvua za maeneo hayo hazijajaribiwa vya kutosha.

Programu

Hapa sina mengi. Excel inafanya anova ya njia moja na ya pande mbili, lakini haina Tukey, Dunnett wala Welch ya makundi mengi. R ni ya bure na inazo zote. Jihadhari tu kwamba amri yake ya oneway.test hutumia Welch usipoiambia vingine, wakati aov ni anova ya kawaida. Jamovi ni ya bure pia na ina vitufe kwa asiyetaka kuandika amri.

Cha kumpelekea mkulima

Mzee wa Masasi hatakuuliza F. Atauliza, "Mwanangu, ninunue ipi?" Thamani ya p haimjibu. Kinachomjibu ni kilo na muda wake wa uhakika. Dawa ya maji dhidi ya kutopiga dawa: kutoka kilo 1.9 hadi 6.1 zaidi kwa mti. Zidisha kwa bei ya kilo ya mnada wa msimu huo, toa gharama ya dawa, mafuta ya mashine na kibarua kwa mti mmoja. Kama hata kwenye kilo 1.9 bado kuna faida, mwambie bila kusita. Kwa maji dhidi ya salfa muda unaanzia chini ya sifuri hadi kilo 4.1, kwa hiyo mwambie ukweli kwamba jaribio hili halijazitenganisha, na kwamba kwa sasa bei ya dawa yenyewe ndiyo iamue.

Kama swali hilo la maji na salfa ndilo analolitaka zaidi, jaribio lijalo lipangwe kwa ajili yake. Kwa variansi ileile ya 2, miti 12 kwa kila kundi inakishusha kizingiti cha Tukey kutoka 2.12 hadi karibu 1.42, na tofauti ya kilo 2 ikijitokeza tena itavuka. Hiyo ni miti 36 badala ya 18, ambayo kwa bloku ni wakulima 12 wanaotoa miti mitatu kila mmoja. Kumwomba mtu mmoja auache mti mmoja tu bila dawa ni rahisi kuliko kumwomba auache sita.